Nilivyoichemsha Pete ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana pete ya dhahabu yenye jiwe la tanzanaiti, ambayo huivaa kanisani na harusini tu, na siku nyingine zote hulala kabatini katikati ya khanga. Vikucha vinavyolishika jiwe vilipoanza kulegea, alinikabidhi niipeleke kwa sonara hapa Arusha. Kwa nini hakumpa shemeji yangu, mpaka leo sijui.

Sonara alivikaza vikucha mchana, nami nikarudi nyumbani na jiwe la bluu ya kupendeza. Jioni umeme ulikatika, tukawasha mishumaa, nikaitoa pete ili nimringie mke wangu. Jiwe lilikuwa la zambarau. Nililisogeza karibu na mwali, na zambarau ikazidi kukolea. Usiku ule niliilaza pete chini ya mto, nikawa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia yule mwizi, tena kwa sauti, hadi mke wangu akahamia chumba cha watoto.

Asubuhi niliingia dukani bila hata salamu, nikatangaza mbele ya wateja kwamba nimebadilishiwa jiwe, kisha nikaifungua leso kama shahidi anayetoa kielelezo mahakamani. Jua lilikuwa linapiga pale mlangoni, na jiwe lilikuwa la bluu tupu. Kwa kuwa mtu akishaanza kupayuka ni vigumu kusimama, nilisema kwamba bila shaka amelirudisha usiku.

"Lililala wapi?" aliuliza mzee.

"Chini ya mto wangu."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi, bali alinieleza kwa upole kwamba tanzanaiti hubadilika rangi kwa kadiri unavyoigeuza na kwa mwanga inaoupata: juani huelekea bluu, kwenye mshumaa huelekea zambarau. Aliongeza kwamba jiwe hilo, lililogunduliwa mwaka 1967, huchimbwa Mirerani tu duniani kote, na kwamba sehemu kubwa hutoka ardhini likiwa la kahawia, likaokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 500 au zaidi ndipo bluu ijitokeze. Laiti ningeondoka kabla ya maelezo hayo ya tanuri.

Kwa sababu nyumbani, nikitafuta namna ya kufuta aibu, niliona jiwe limefifia kwa mafuta ya kujipaka ya miaka mingi, nikaamua kulisafisha. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: maji huchemka kwa nyuzi 100, na jiwe lililovumilia 500 haliwezi kuogopa sufuria ya chai. Nililitia pamoja na sabuni ya unga, nikachochea moto robo saa nzima, kisha, ili lisiniunguze vidole, nikalichota kwa kijiko na kulitumbukiza kwenye bakuli la maji ya barafu. Lilitoa kasauti kadogo, "ta!", na ufa ukapita katikati, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Safari hii nilisalimia dukani kwa adabu zote. Mzee aliweka lenzi jichoni, akanyamaza kwa muda mrefu. Tanurini, alisema, joto hupandishwa polepole na kushushwa polepole. Mshtuko wa moto na baridi ndio unaoliua jiwe hili, kwa kuwa lina upande ambao hupasuka kwa urahisi, kama kuni inayofuata mshipa wake. Hata mashine yake ya mtikisiko, anayosafishia almasi, hathubutu kuitia tanzanaiti. Maji ya vuguvugu, sabuni laini na mswaki laini vingetosha kabisa.

Mama mkwe alikuja Jumapili. Nilikuwa nimepanga mishumaa sita mezani, kwa matumaini kwamba zambarau ingeficha ufa.

"Mbona mishumaa, na umeme upo?" aliuliza, akawasha taa, akavaa miwani. Aliigeuza pete mara mbili.

"Umeifanya nini, mwanangu?"

"Niliichemsha, mama."

"Naam," alisema, akavua miwani taratibu. "Umechemsha."