Fulana za Septemba, Kasa wa Masika

Kila Jumamosi ya tatu ya Septemba, dunia inapoadhimisha siku ya usafi wa fukwe, pwani yetu hupata wageni wa asubuhi moja. Wanafunzi, wafanyakazi wa benki na hoteli, viongozi wa mtaa na wapita njia hugawiwa fulana na glavu, huokota chupa na ndala zilizokatika, hupima magunia, hupiga picha ya pamoja na kuondoka kabla ya adhuhuri. Bango la shughuli hizi aghalabu huwa na picha ya kasa, kwa maelezo kwamba usafi huo ni kwa ajili yake. Linalohitaji kupimwa ni kiasi gani cha jasho hilo humfikia kasa mwenyewe.

Wanaozitetea siku hizi wana hoja nzito. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, lakini kasa hajui mpaka; hutaga mbele ya hoteli na hunasa katika nyavu za mvuvi aliye mbali na askari yeyote. Ulinzi wake unategemea majirani wa ufuo, na majirani hao hawapatikani kwa amri. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki, na wengine 78 wakalazwa, baada ya kula nyama ya kasa. Sumu hiyo, inapokuwamo, haitoki kwa kupikwa, na mlaji hana namna ya kuitambua kwa macho wala kwa ladha. Habari kama hiyo huingia vizuri zaidi katika mkusanyiko ambamo mwalimu, imamu na mvuvi mzee wamekaa pamoja kuliko katika tangazo la serikali lililobandikwa ukutani. Hata wazee wa Kibajuni waliozoea kumvua kasa kwa kumfunga kamba chazo, yule samaki anayejigandisha, wanajua mengi kuhusu malisho na njia za kasa, na siku ya jamii ni mahali pao pa kuyasema.

Hata hivyo, shughuli yenye nia njema inaweza kudhuru. Nimewahi kushuhudia kundi la vijana wakifagia mpaka majani ya bahari yaliyosukumwa na mawimbi, wakidhani ni uchafu, ilhali majani hayo hushika mchanga usiliwe na maji na huwalisha kaa na wadudu wanaolisha ndege. Aliyewaongoza hakuwakataza, kwa kuwa magunia yalikuwa yakipimwa na uzito ndio uliokuwa ukihesabiwa. Vivyo hivyo kuhusu kuwasindikiza watoto wa kasa baharini: umati ukisogea karibu mno, simu zikiwaka taa, vifaranga hufuata mwanga badala ya maji, na kila mtu anayetaka kumshika mmoja kwa ajili ya picha humpunguzia nguvu anazohitaji kwa saa zake za kwanza za kuogelea.

Linganisha na kazi ya mlinzi wa viota. Kabla jua halijapanda, huufuata mburuzo wa kasa, ambao mchangani hufanana na alama ya tairi la trekta, hadi alipofukia mayai. Akiona kiota kipo mahali ambapo maji ya bamvua yatakifikia, huchimba kwa mikono, huyatoa mayai moja moja bila kuyageuza, huyahamishia shimo la kina kilekile juu zaidi, na yote hayo ndani ya saa chache tangu kutagwa. Kisha husubiri takriban siku 60, akikitazama kiota kila siku. Ujuzi huo haufundishwi kwa asubuhi moja, na hapo ndipo neno kujitolea linapoanza kunipa shida.

Anayetoka Ulaya kwa wiki tatu hulipa ili ajitolee. Kijana wa kijijini anayekesha miezi mitano huambiwa ajitolee pia, na anapouliza kuhusu posho huonekana hana uzalendo. Upareni, aliyekwenda kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzibua mfereji alijua maji yale yatafika shambani kwake, kwa hiyo kufananisha msaragambo na ulinzi wa viota usio na malipo ni kuwaonea watu. Mpango ulioanzishwa kisiwani Mafia mwaka 2001 ulilitambua hilo: aliyeripoti kiota alilipwa kiasi fulani, kisha akaongezewa kulingana na mayai yaliyoanguliwa, hivyo akawa na sababu ya kukilinda hadi mwisho. Watamu nako, mvuvi aliyenasa kasa bila kukusudia hupiga simu, kasa hupimwa, huwekwa alama na kuachiwa, na mvuvi hupewa fidia ndogo.

Wapo wanaosema fedha huua moyo wa kujitolea, na kwamba mfadhili akiondoka kasa naye ataliwa. Wengine huhofia kwamba mvuvi atatega makusudi. Hofu ya pili hupungua sana fidia inapokuwa ndogo kuliko bei ya nyama na hasara ya wavu. Ya kwanza siwezi kuipuuza, kwani ni kweli kwamba mradi unaolipa kwa fedha za nje hutegemea fedha za nje. Lakini naona jibu liko katika kumtafutia mlinzi mapato ya hapo hapo, kwa mfano ada ya wageni wanaokuja kushuhudia viota vikianguliwa, ambayo Mafia sehemu yake hurudi kijijini, badala ya kumwomba aendelee bure.

Kwa mizani hiyo, siku ya usafi ningeipima kwa kilichobaki wikendi ilipopita: tochi ngapi za mwanga mwekundu, usiomsumbua sana kasa, zilinunuliwa, hoteli ngapi zilikubali kuzima taa za ufukweni, na ni wangapi kati ya wenye fulana walioandika namba zao ili waitwe tena. Kalenda yenyewe ina mtego. Katika pwani hii kasa wa kijani hutaga kwa wingi wakati wa masika, hoteli nyingi zikiwa zimefungwa na wageni wakiwa kwao. Mayai ya Aprili huanguliwa Juni, na mwezi Septemba, fulana zinapogawiwa, vifaranga wake wako mbali baharini.