Aliyekuwepo Naye Ana Lake

Kila anayesoma historia hupewa jedwali lile lile. Upande mmoja vyanzo vya msingi: barua, shajara, mikataba, sarafu, magofu, maneno ya aliyeshuhudia. Upande wa pili vyanzo vya upili: vitabu na makala za watu waliokuja baadaye. Jedwali lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na imani inayoingia nalo bila hodi, kwamba upande wa kwanza ndiko iliko kweli na upande wa pili ni habari za kusikia. Mijadala mingi siku hizi hufungwa kwa sentensi moja tu: "Hii ni hati ya wakati ule ule." Basi, kila mtu anyamaze. Utadhani hati haikuandikwa na mtu, au mtu huyo hakuwa na haja yake.

Chukua mkataba wa Msovero. Novemba 1884 Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, na wenzake wachache walipita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami wakikusanya mikataba, na mmojawapo ni ule wa Mangungo, mtawala wa Msovero huko Usagara. Si hati ya kughushi, na iliandikwa siku zile zile za tukio. Kwa kipimo cha jedwali, unataka chanzo gani cha msingi zaidi ya hicho? Ndani yake Mangungo anatoa nchi yake yote kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Imo pia sentensi ndogo ambayo wengi huiruka: kwamba Mangungo alipoulizwa, alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar kwa namna yoyote, na kwamba hata hajui kama Sultani huyo yupo.

Irudie tena. Mtawala katika Usagara, nchi iliyokuwa ikipitiwa na misafara ya pwani miaka nenda miaka rudi, hajapata kusikia habari za Sultani wa Zanzibar? Jibu hilo lilikuwa na faida gani kwa Mangungo? Hakuna. Lilikuwa na faida kwa Peters, aliyepaswa kurudi Berlin na kuwaonesha wakubwa kwamba bara halikuwa na mwenyewe mwingine wa kudai. Na wakubwa waliridhika. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake, na Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga Zanzibar mwezi Agosti.

Kwa hiyo mkataba ule ni ushahidi, ila tukubaliane ni ushahidi wa nini. Anayeuliza Mangungo alikubali nini ameshika chanzo dhaifu sana, kwa sababu karatasi iliyoandikwa kwa Kijerumani haiwezi kutueleza aliyeitia alama alielewa nini. Anayeuliza Peters alihofia kuulizwa nini Berlin ameshika chanzo bora kabisa. Karatasi ni moja. Kilichobadilika ni swali, na ndiyo maana sioni faida ya kumfundisha mwanafunzi kukariri kwamba "mkataba ni chanzo cha msingi" kabla hajajua anatafuta nini.

Watu hupenda sana habari za kughushi, nami naziona ndizo tatizo jepesi. Mwaka 1440 Lorenzo Valla, mwanazuoni wa Italia, alionesha kwamba hati iliyodaiwa kuwa ya Kaisari Konstantino wa Roma, ya kumkabidhi Papa mamlaka ya magharibi, imeandikwa kwa Kilatini kisichoweza kuwa cha karne ya 4. Kazi ikaisha. Tena hati yenyewe haikutupwa: leo inasomwa kama chanzo cha msingi kuhusu karne za baadaye, na kuhusu waliotaka dunia iamini maneno yale. Kinachosumbua zaidi ni shahidi mkweli.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331. Aliona kwa macho yake, hilo halina shaka kubwa. Lakini kitabu cha safari zake kilikamilika 1355, na hakukiandika kwa mkono wake. Alisimulia, Ibn Juzayy akaandika, na mahali pengine, kama kwenye maelezo ya Damascus, wakaazima maneno ya msafiri aliyetangulia, Ibn Jubayr. Matini ya Kiarabu inayotumika sana inasema Kilwa ni mji mzuri uliojengwa kwa ustadi, na kwamba wote ni wa mbao. Nenda sasa kwenye magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na sultani yule yule aliyempokea, al-Hasan bin Sulaiman. Ni mawe ya matumbawe. Huenda msafiri alikumbuka nyumba za watu wa kawaida, huenda alichanganya na Mombasa, huenda mnukuzi aliteleza. Sidhani kama alidanganya. Lakini mwenye jedwali mkononi ana vyanzo viwili vya msingi vinavyopingana, na jedwali halimwambii afanye nini.

Halafu kuna tarihi ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya mji huo, ambayo ndiyo humaliza kabisa ubishi wa safu mbili. Iliandikwa katika karne ya 16, ikasimulia mambo ya waanzilishi wa mji walioishi mamia ya miaka kabla. Imetufikia kwa njia mbili: nakala ya Kiarabu, na muhtasari ambao Mreno João de Barros aliuchapisha 1552, na hazikubaliani katika kila jambo. Kuhusu mwanzilishi kutoka Shiraz, mwandishi wake yuko mbali na tukio kama sisi tulivyo mbali na mambo ya mababu. Kuhusu kile ambacho wakubwa wa Kilwa walitaka kikumbukwe baada ya Wareno kuushambulia mji wao 1505, hakuna aliye karibu kuliko yeye.

Vita vya Maji Maji navyo vina pande mbili za namna hii. Gavana wa Kijerumani von Götzen aliandika kitabu chake 1909, akaweka uzito kwenye waganga kama chanzo cha vita. Mtu ambaye kodi na mashamba ya lazima ya pamba yalikuwa sera ya serikali yake asingependa kuanza na pamba. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kiliwatuma wanafunzi kukusanya masimulizi ya wazee. Kwa swali la kwa nini watu wa Matumbi waling'oa pamba Julai 1905, mimi naanza na wazee, ingawa miaka sitini ilikuwa imepita. Ila waliowahoji walikuwa vijana wa nchi changa iliyohitaji babu mmoja wa umoja wake, na wanahistoria waliofuata wamewasahihisha kwa kuonesha jinsi sababu zilivyotofautiana kati ya sehemu na sehemu. Masahihisho hayo yamo katika vitabu vya upili, vilivyoandikwa na watu ambao hawakuwepo 1905 wala 1968.