Mwenye Trei Ndiye Fundi

Jamani, nauliza kwa adabu zote: mtu akiwa na kompyuta yenye trei ya CD, ndiyo keshakuwa mali ya ukoo? Maana tangu hizi laptop nyembamba zianze kuja bila trei, Tabata nzima nimebaki mimi na desktop yangu.

Jana Jumapili, umeme upo, maji yapo, nimejilaza zangu na bukta. Mke wangu akaingia mbio: "Baba kafika." Baba yake. Na baba mkwe hapokelewi na bukta. Nikavaa suruali, nikavaa na uso.

Mzee kaja na CD ya kwaya yao, waliyorekodi wenyewe, na mfuko wa CD tupu. Anataka nakala za wanakwaya wote. "Mwanangu, kazi ya dakika mbili hii. Si unabonyeza tu?"

Unabonyeza tu! Aliyewafundisha watu kauli hii sijui yuko wapi, nikaongee naye.

Kumbe alishapita steshenari. Kijana wa pale kafungua CD, kaona nyimbo zimejipanga, kakopi, kapesti kwenye flashi, kachukua hela yake. Nyumbani flashi kimya. Naichomeka, naangalia: kila wimbo KB 1. Mapambio ya dakika sita, na vigelegele vyake, yakae kwenye KB 1? Zile ni alama tu za kuonyesha wimbo unaanzia wapi kwenye CD. Wimbo wenyewe unautoa kwa programu, unaingia kwenye kompyuta, ndipo uchome, yaani uuandike kwenye CD tupu. Nikamweleza taratibu, mzee anatikisa kichwa kama yuko kwenye kikao cha mahari. Mwisho akasema: "Kwa hiyo hiyo flashi ndiyo mbovu."

Ndiyo, Baba.

Nikaweka CD yake, nikaagiza kunakili. Sasa mashine ya trei moja ina utaratibu wake: kwanza inaisoma CD yote na kuihifadhi ndani, halafu inaitema na kuomba tupu. Ilipoitema tu, mzee akashtuka. "Imeikataa!" Akairudisha. Mashine ikaitema. Akaifuta kwa kanzu, akapuliza, akairudisha. Mimi nimesimama pembeni na CD tupu mkononi kama mhudumu wa harusini. Angekuwa mwanangu ningeshamwita majina. Lakini huyu nilimpigia magoti. "Baba, inaomba ile nyingine." "Sasa si ingesema?" Imesema, Baba. Imeandika hapo.

Kabla sijabonyeza, akakumbuka kitu. Kuna CD ya pili, na salamu za mwenyekiti wa kwaya, viingie humo humo. CD ya muziki mwisho wake dakika 80. Vitu vyake vinafika karibu saa mbili. "Banabana tu, mwanangu." Baba, hii si daladala! (Hilo nililisema moyoni.) Ukichoma kwa mtindo wa MP3, unaobana sauti, dakika moja inakula kama MB 1, na CD ina MB 700, hapo hata ibada ya mkesha inaingia. Ila redio ya gari lake ni ya zamani, haijui MP3 ni mdudu gani, inasoma CD ya muziki wa kawaida tu. Basi ziwe CD mbili mbili. Akanitazama kama nimeongeza mahari.

Tukaanza. Nimeweka mwendo wa kuchoma wa 16, maana nikiweka 52 redio yake itakuja kugomagoma. "Mbona umeweka ndogo wakati kubwa ipo?" Nikanyamaza. Mstari unatambaa, asilimia 60, asilimia 80, asilimia 90, mzee akanyoosha miguu. Kiatu kikatua kwenye swichi ya ekstensheni.

Giza kwenye kioo.

"Umeme wenu huu!" akasema.

CD-R, hizi tupu za kawaida kama zake, huchomwa mara moja. Ikikatikia njiani, hiyo ni ya kutundika shambani kufukuza ndege. Akaniambia niifute nianze upya. Nikamwambia zinazofutika ni zile za RW. Akaigeuzageuza, akawaza. "Basi hii tutampa yule wa besi. Hata mazoezini haji."

Na huyo ni mmoja. Shemeji analeta video za simu GB 6, DVD inabeba 4.7, na yeye kabeba moja. Jirani kaandika jina la bwana harusi juu ya CD kwa bikari, kakwangua mpaka data, kwa sababu data ya CD iko chini ya ile lebo tu, halafu anasema mashine yangu haisomi.

Mzee aliondoka usiku, nakala zote mkononi, kafurahi, kaniachia jogoo. Jogoo mzima. Mke wangu anasema zawadi ya baba yake haichinjwi wiki hiyo hiyo, si heshima. Stoo hatuna. Amefungwa mguu wa kabati la vyombo, anawika saa tisa usiku, na mpangaji wa chumba cha pili keshanitumia ujumbe mara mbili. Asubuhi hii mwenye nyumba kanipigia, nikajua ni jogoo. Wala. Anauliza kama naweza kumtolea nakala ya mkanda wa video wa VHS.