Nafasi alizozikataa Cicely Tyson

Kuna tukio moja la runinga ninalolirudia kila mara. Ni katika tamthilia ya How to Get Away with Murder. Mama ameketi, na binti yake, mtu mzima, wakili anayetetemesha mahakama, ameketi chini katikati ya magoti yake. Wigi limevuliwa, vipodozi havipo. Mama anamchana nywele. Wanazungumza jambo zito lililonyamaziwa nyumbani kwao miaka mingi, na kitana hakisimami. Nami nilichanwa hivyo hivyo na mama yangu, ndiyo maana siwezi kulitazama nikiwa mkavu. Binti ni Viola Davis. Mama ni Cicely Tyson, na tukio hilo lilipoonyeshwa mwaka 2015 alikuwa na miaka 90.

Tangu alipofariki Januari 28, 2021, watu wanaomkumbuka husifu kwanza umri wake: miaka 96, na zaidi ya 60 kati ya hiyo akiigiza. Sina ugomvi nao. Lakini umri ni majaliwa ya Mungu. Mimi nataka kumsifia kazi alizozikataa, kwa sababu hizo alizikataa mwenyewe, na gharama akailipa mwenyewe.

Alizaliwa New York, mtaa wa Harlem, Desemba 1924, kwa wazazi waliohamia kutoka kisiwa cha Nevis katika Karibea. Baba alikuwa seremala na mpaka rangi. Mama akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu. Mama huyo alikuwa mtu wa kanisa hasa, na kwake sinema na dhambi vilikaa kapu moja. Binti alipoacha kupiga taipu katika ofisi ya Msalaba Mwekundu, akaingia kwenye uanamitindo, kisha akasema anakwenda kuigiza, mama alimfukuza nyumbani. Walikaa muda mrefu bila kusemezana. Nadhani walifanana kuliko walivyojua. Ule ugumu wa mama, wa kushika neno hata likimuumiza mwenyewe, binti aliurithi wote.

Jukwaani alijulikana mwaka 1961 katika The Blacks, mchezo wa Mfaransa Jean Genet, akiwa na vijana wenzake kama James Earl Jones na Maya Angelou. Miaka miwili baadaye akaingia kwenye tamthilia ya runinga ya East Side/West Side, iliyohusu maofisa wa ustawi wa jamii wa New York. Alicheza Jane Foster, katibu wa ofisi, na alitokea na nywele zake kama zilivyoota: fupi, za kipilipili, hazijapitiwa na kitana cha moto wala dawa. Wakati ule mwanamke mweusi wa Marekani aliyetaka kazi ya heshima alizinyoosha kwanza. Tyson alisimulia kwamba wenye saluni walimwandikia barua za kulalamika, eti wateja wanawakimbia kwa sababu yake. Tamthilia ilidumu msimu mmoja. Nywele zile bado zinazungumzwa.

Kisha ikaja Sounder, mwaka 1972. Humo ni Rebecca, mke wa mkulima wa Louisiana anayelima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno. Mume anafungwa kwa kuiba nyama ya kulisha watoto. Siku anaporudi, mke anamwona kwa mbali barabarani, anachechemea, naye anakimbia kumlaki huku akiita jina lake. Anakimbia kwa mwili mzima, bila kujali atakavyoonekana. Nafasi hiyo ilimfikisha kwenye orodha ya kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Alipokuwa akiitangaza filamu hiyo, mwandishi mmoja mzungu alimwambia kwamba aligundua ana ubaguzi pale alipomsikia mtoto mweusi wa filamu hiyo akimwita baba yake kwa neno lile lile ambalo mwanawe humwita yeye. Mtu mzima huyo, na kazi yake ni habari! Tyson alieleza mara nyingi kwamba hapo ndipo alipoamua: hatapokea tena nafasi inayomshusha mtu mweusi, hata mfuko ukiwa mtupu.

Wapo wanaolisikia hili wakadhani aliwadharau wapishi na wafanyakazi wa ndani. Hapana. Mama yake alikuwa mmoja wao. Alimcheza mpishi Sipsey katika Fried Green Tomatoes mwaka 1991, na Constantine, mtumishi aliyelea mtoto wa wenye nyumba, katika The Help mwaka 2011. Alichokagua ni kama mwanamke yule ameandikwa akiwa na akili yake na uchungu wake, au amewekwa pale apite na sinia tu.

Ukitaka kuona alichokuwa akikisubiri, tafuta The Autobiography of Miss Jane Pittman ya mwaka 1974. Anamcheza mwanamke aliyezaliwa utumwani, tangu ujana hadi miaka 110. Mwishoni bibi huyo, kwa mkongojo, anatembea taratibu mpaka kwenye bomba la maji la wazungu peke yao, anainama, anakunywa. Kazi hiyo ilimpa tuzo mbili za Emmy, zile za runinga. Oscar ilimjia mwaka 2018, tena ya heshima. Kwangu ilichelewa mno.

Kukataa kuna njaa yake. Zilikuwapo nyakati ndefu za kukaa bila kazi, na kutoka mwaka 1983 hadi 2013, miaka 30, hakupanda jukwaa la Broadway, kwenye kumbi kubwa za michezo ya kuigiza za New York. Aliporudi, alirudi na The Trip to Bountiful, akiwa Carrie Watts, kizee anayetoroka nyumba ya mwanawe mjini Houston ili akaione tena ardhi aliyozaliwa. Njiani anaimba wimbo wa kanisani, ule ambao sisi tunauimba kama Ndiyo Dhamana. Watazamaji walianza kuimba naye. Hawakuambiwa na mtu. Waliitikia tu, kama walivyozoea Jumapili. Juni mwaka huo, akiwa na miaka 88, alipewa Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani. Mama yake, aliyemfukuza nyumbani kwa sababu ya jukwaa, bila shaka naye angeitikia.