Kinyago Kilivyonivaa

Najua mmeshaiona ile klipu ninayoonekana nacheza ngoma na kinyago kichwani. Shemeji kairusha kwenye kundi la familia, familia ikairusha kwa ukoo, na leo fundi bomba ambaye hatujawahi kupeana namba kaniita "Mzee wa Lipiko". Basi ngoja niseme mimi, maana klipu inaanzia pale ambapo tayari nina kichwa cha mbao.

Kwanza, sikuwa "nacheza ngoma". Nilikuwa kazini. Shemeji alinunua lipiko, kile kinyago cha Kimakonde cha kuvaa kichwani, kwa mtu aliyemwapia kwamba kimetoka Newala na kimechezwa jandoni tangu enzi za Mjerumani. Akaita watu wazima sebuleni, baba mkwe akiwemo, ili nisimame niseme ni cha kweli au cha kuuzia watalii.

Nilianza vizuri, mashahidi wapo. Baba mkwe akasema, "Mbona chepesi? Mimi najua Wamakonde wanachonga mpingo, na mpingo unazama majini." Nikamjibu kwa adabu: ni kweli baba, zile sanamu nyeusi za ujamaa na za mashetani ni mpingo, na mpingo hauelei. Lakini mapiko, yaani vinyago kama hili lipiko, yanachongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu kuna mtu anayavaa na kurukaruka nayo. Lingekuwa la mpingo, ngoma ingeishia hospitali. Baba mkwe akaitikia kwa kichwa. Mimi nikavimba.

Nikazima taa, nikawasha tochi, nikakimulika kwa ubavuni ili kila mkwaruzo utoe kivuli. Alama za tezo na patasi hazilingani: moja ndefu, nyingine fupi, mkono ulichoka hapa, ukageuka pale. Msasa wa mashine huacha mistari inayofuatana. Za patasi zilikuwepo. Nikahamia kwenye matundu ya bungua, yule mdudu anayetoboa mbao, nikaingiza waya mwembamba. Bungua hachimbi njia iliyonyooka, kwa hiyo waya hukwama mapema, na mara nyingi unga hudondoka. Huu ulizama wima, ukagota kina kilekile tundu baada ya tundu. Bungua gani huyo mwenye rula? Hiyo ni drili.

Hapo ningetoa hukumu nikale pilau. Lakini wadau, dalili moja haitoshi, maana hata kinyago halisi kuna wafanyabiashara wanaokitoboa ili kionekane kikongwe zaidi. Lazima uangalie ndani. Usoni mghushi anajitahidi: anafukizia moshi, anafukia udongoni, anapaka chai nzito. Ndani huwa mvivu. Kinyago kilichochezwa kina weusi wa jasho pale paji linapogusa, na mbao imelainika kwa kusuguliwa. Ukingoni kuna matundu ya kufungia kitambaa, na yamelika upande ule kamba ilikovuta, siyo kuzunguka pande zote. Na mdomo ndio dirisha: mchezaji anachungulia kupitia mdomoni. Kwenye vile vya kupamba ukuta, mara nyingi mdomo hauangalii popote.

"Kuna njia moja tu ya kujua mdomo huu unaangalia wapi," nikatangaza. Hakuna aliyeniuliza.

Nikakinyanyua kwa mikono miwili. Nikatulia kidogo, kwa heshima ya utamaduni. Nikakishusha. Paji likapita. Masikio yakajikunja yakalala, nayo yakapita, yakafunguka ndani. Giza. Nikainamisha shingo, na kupitia mdomoni nikamwona baba mkwe kuanzia magoti hadi kidevu.

"Unaangalia!" nikapaza sauti, yote ikanirudia mwenyewe. Makofi. Nikashika ukingo nikavuta juu. Kikapanda, kikafika masikioni, kikagoma.

Nikavuta tena, polepole, kama mtu ambaye hana haraka. Kikagoma. Nikazungusha kushoto: sikio la kulia likalia. Nikazungusha kulia: yote mawili. Nje kukawa kimya, ule ukimya wa watu wanaoanza kuelewa. Kisha mdomoni, pale baba mkwe alipokuwa, ikapanda simu ya shemeji, na kile kitaa chake cheupe kikawaka.

"Leteni mafuta ya kula!" Huyo ni mama mkwe.

"Msitie mafuta! Yakiingia kwenye mbao hayatoki!"

"Sabuni?"

"Itaondoa utando wa zamani!"

"Hata maji?"

"Maji ndiyo kabisa, mbao itavimba!"

Jamani. Mtu kanaswa kichwa, anatetea utando.

Na utando wenyewe sasa nilikuwa nimeukaribia kuliko mtaalamu yeyote. Joto likapanda, jasho likaanza, na harufu ikaamka. Kitu kilichokaa miaka kwenye moshi hunuka moshi mkavu, umepoa. Hiki kilinuka rangi ya viatu. Nikavuta pumzi tena kuhakikisha: rangi ya viatu, na kwa mbali majani ya chai. Nikatoa hukumu palepale nilipo: "Shemeji, ni cha juzi!"

Kutokea kwenye mdomo wa mbao, inaonekana ilisikika "cha jadi". Shemeji akaruka. "Nimewaambia!" Vigelegele. Nikipinga kwa kutikisa kichwa, kinyago nacho kinatikisika, wanadhani naanza kucheza. Hiyo ndiyo ngoma mliyoiona.

Aliyeniokoa ni binti mdogo wa jirani. Alichukua mfuko wa rambo, ile iliyopigwa marufuku 2019 lakini kwa shemeji habari haijafika, akaupenyeza kati ya mbao na sikio, upande huu na ule, akavuta. Kikateleza. Nikatoka na paji jeusi hadi nyusi. Kipimo cha kuona kama weusi unabanduka kwa kawaida hufanywa kwa kijiti cha pamba na spiriti, kwenye kona isiyoonekana. Jasho langu lilifanya kazi hiyo bure. Weusi wa kuchezwa haubanduki hivyo, la sivyo wachezaji wote wangetoka weusi.

Muuzaji hapatikani. Mtu akapendekeza maabara ya kaboni 14. Nikawaambia hiyo inapima umri wa mti, si wa patasi, na mghushi anaweza kuchonga boriti kuukuu. Baba mkwe akamfariji shemeji kwamba afadhali cha juzi: lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa 1984 lilikutwa Uswisi, na kulirudisha nyumbani kulichukua hadi 2010. Cha kweli ungeulizwa umekipataje.

Shemeji hajafarijika, anakiuza. Na ushahidi aliouambatanisha ni klipu yangu, pale ninapopaza sauti. Nimemwambia aifute, kasema watu wameshaanza kuuliza bei. Kama ni wewe uliyeuliza, nenda na waya mwembamba na pamba yenye spiriti, anzia ndani, na wazo la kukivaa liache kwa shemeji.