Vikomo vya uzito na umri kwenye michezo ya likizo: tusivipime kwa mizani moja

Kuna malalamiko mawili yanayosikika kila msimu wa likizo, watu wanapokwenda kuonja michezo ya nje yenye hatari kidogo: kuteleza angani kwenye waya, kuruka na parachuti, kupanda miamba, kushuka mito yenye maporomoko. La kwanza ni la mtu mzima anayeambiwa mbele ya foleni nzima kwamba kilo zake zimezidi. La pili ni la mzazi ambaye mwanawe mmoja ameruhusiwa na mwingine amerudishwa kwa kupungukiwa miezi michache. Wote husema wamebaguliwa. Wenye michezo nao hujibu kwa neno moja, usalama, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi naona tunachanganya mambo mawili. Kikomo cha uzito mara nyingi hutoka kwenye kifaa chenyewe. Kikomo cha umri aghalabu husimama badala ya kitu kingine, na ndicho kinachostahili kuhojiwa zaidi.

Nianze na uzito, maana hapo ndipo watu huumia moyo. Hoja ya mlalamikaji aliyekuja kuteleza kwenye waya ina mantiki: karabina moja, ile pete ya chuma ya kujishikizia, hubeba zaidi ya tani 2, na waya hubeba zaidi ya hapo, sasa kilo 130 zitaukata vipi? Hazitaukata. Kinachoogopwa si kukatika bali kusimama. Mtu mzito hufika upande wa pili kwa kasi inayozidi ile ambayo breki zilipangiwa. Mwepesi sana naye huishiwa kasi, hasa upepo ukimpiga usoni, akakwama juu ya bonde mpaka mwongozaji amfuate na kumvuta. Ndiyo maana sehemu nyingi zina kikomo cha chini pia, jambo linalosahauliwa na wanaodhani kilo ni tatizo la wanene peke yao.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye njia za milimani zilizofungwa nyaya na ngazi za chuma, zilizo maarufu katika milima ya Alps. Mpandaji hujishikiza kwenye waya kwa kamba mbili zilizounganishwa na kifaa cha kufyonza mshtuko, ambacho kwa kawaida ni utepe uliokunjwa na kushonwa. Akianguka, utepe hufumuka kidogo kidogo, na kule kufumuka ndiko kunakopunguza nguvu inayoupata mwili. Mzito kupita kiasi huumaliza utepe wote kabla hajasimama, na nguvu iliyobaki humpiga yeye na kamba yake. Mwepesi kupita kiasi haufumui vya kutosha, akasimamishwa ghafla kana kwamba kifaa hakikuwapo. Kiwango cha Ulaya cha EN 958, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kinataka vifaa hivyo vijaribiwe kwa uzito wa kilo 40 na wa kilo 120. Mtoto wa kilo 28 anayetegemea kifaa hicho peke yake hana kinga, hata akiwa hodari kuliko baba yake. Anatakiwa ashikwe kwa kamba na mtu mzima aliye juu yake, anayejua kazi hiyo. Hapo sioni ubaguzi. Namba inasema ukweli kuhusu mshono.

Hata hivyo kilo nazo zinaweza kutumika vibaya. Chukua jaketi okozi. Mafuta ya mwili huelea, kwa hiyo mtu mnene mara nyingi huhitaji msaada mdogo majini kuliko mwembamba mwenye misuli. Kinachotakiwa ni jaketi lizunguke kifua na kufungwa barabara lisimvuke. Mwenye mtumbwi wa mpira anayeandika kikomo cha kilo 110 ilhali shida yake ni kukosa jaketi kubwa, anamtwisha mgeni upungufu wa stoo yake. Ndivyo ilivyo hata kwa watoto: nyonga zao ni nyembamba na sehemu ya juu ya mwili ni nzito, kwa hiyo mtoto akipinduka anaweza kuchomoka kwenye mkanda wa kupandia unaofungwa kiunoni. Dawa ni mkanda wa mwili mzima, na kiwango cha EN 12277 kina aina yake maalumu ya watu wasiozidi kilo 40. Asiye nao ana haki kabisa ya kumkataa mtoto. Aseme tu kwamba hana.

Kwa wanyama wanaopandwa na wageni sioni haja ya mjadala mrefu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wa mwaka 2008 uliwapima farasi waliobeba mizigo tofauti, na misuli yao ilionyesha kuumia zaidi mzigo ulipofika asilimia 25 na 30 ya uzito wa mnyama. Mwaka 2018 Ugiriki, baada ya kelele kuhusu punda wanaobeba watalii katika kisiwa cha Santorini, ilielekeza kwamba mzigo usizidi kilo 100 au moja ya tano ya uzito wa mnyama. Fedheha ya kupimwa ni kweli, lakini punda hana fomu ya kutia saini.

Sasa umri. Kuruka na parachuti ukiwa umefungwa pamoja na mwalimu kunahitaji miaka 18 Marekani, na Uingereza miaka 16 inatosha kwa ridhaa ya mzazi. Parachuti ni ileile na anga ni lilelile. Kilichobadilika ni sheria: nani anaweza kutia saini ya kukubali hatari, na nani atashtakiwa mambo yakiharibika. Sisemi sheria ni jambo dogo. Nasema mzazi asiambiwe kwamba mwili wa kijana wake hauwezi, wakati kisichoweza ni saini yake.

Zipo pia sehemu ambazo umri wenyewe una uzito. Katika kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, shirika la PADI hutoa cheti cha watoto kuanzia miaka 10, na wa miaka 10 na 11 hawaruhusiwi kushuka zaidi ya mita 12. Pale chini mtoto lazima atulie na kukumbuka maelekezo bila mtu kumsemesha, kwa kuwa akiogopa na kukimbilia juu huku amebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Utulivu wa namna hiyo hauonekani kwenye mizani. Rwanda na Uganda nazo huruhusu kuwafuata sokwe wa milimani kuanzia miaka 15. Sokwe huambukizwa mafua yetu, na watoto ndio hupata mafua mara kwa mara. Huyo anayelindwa si mtoto peke yake.

Kikomo cha juu cha umri ndicho kinachonikera. Rais wa zamani wa Marekani, George H. W. Bush, aliruka na parachuti akiwa na mwalimu siku alipotimiza miaka 90, Juni 2014, wakati huo akitumia kiti cha magurudumu. Mjapani Yuichiro Miura alifika kilele cha Everest mwaka 2013 akiwa na miaka 80. Upande wa pili nao una ushahidi: Min Bahadur Sherchan wa Nepal, aliyefika kileleni akiwa na miaka 76, alifariki kambini mwaka 2017 akijaribu tena akiwa na miaka 85. Mlima mrefu kuliko yote si kipimo cha likizo ya kawaida, lakini swali ni lilelile. Moyo, mifupa, dawa za kuzuia damu kuganda: hayo ndiyo ya kuuliza, na yanaweza kumhusu hata mtu wa miaka 40. Kuruka kwa kamba ya mpira, kwa mfano, kumewahi kuwasababishia hata vijana damu kuvuja ndani ya jicho. Anayemkataa mzee wa miaka 70 bila kumuuliza chochote, kisha akamruhusu mgonjwa wa miaka 40, hajamlinda yeyote.

Wageni nao wana wajibu wao. Kamba ya mpira huchaguliwa kwa kilo za anayeruka; anayepunguza kilo zake kwa aibu anapewa kamba isiyo yake. Aibu hiyo ingepungua kama mizani ingewekwa pembeni, na kama kikomo na sababu yake vingeandikwa pale mtu anapolipia, si getini. Na anayekataliwa kwa kikomo ambacho hakikuandikwa popote arudishiwe pesa zake zote, siku hiyohiyo.