Usingizi wa Mtoto Aliyepasuliwa Moyo Unahitaji Mlinzi

Binti yetu alipokwisha kuzibwa tundu la moyo alilozaliwa nalo, tulirudi naye Busia tukiwa na mfuko wa dawa na furaha tele, lakini hatukuwa tumepanga atalalaje. Jioni hiyo walifika majirani, mashangazi na wazee wa upande wa mume wangu, wakamshukuru Mungu kwa nyimbo hadi saa 4 usiku, naye ameketi katikati yao, mkono kifuani, macho yanafumba yenyewe. Mimi ni mke katika boma lile. Ningemwambiaje baba mkwe mdogo kwamba aondoke?

Mfupa wa kifua uliokatwa na kufungwa kwa waya huchukua takribani wiki 6 kuunga, na kwa muda huo kulala ni kazi. Tulimlaza chali, mgongo umeinuliwa kwa mito miwili, na kikohozi kilipomjia alijikumbatia kitenge nilichokikunja mara nne ili kifua kisitikisike. Kumwinua tulipitisha mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya mabega, wala hatukumshika kwapani. Usiku alishtuka akilia, jambo ambalo huwapata watoto wengi waliotoka chumba cha wagonjwa mahututi. Tena dawa ya kupunguza maji mwilini tulikuwa tukimpa jioni, akawa anaamka kukojoa mara tatu. Tulipouliza, daktari aliruhusu dozi hiyo isogezwe hadi saa 8 mchana, na usiku huohuo akalala. (Mtu asibadilishe saa za dawa bila kuuliza.)

Kupumzika si kulala kutwa. Mtoto anayetembeatembea uani mchana, mbali na moshi wa jiko la makaa, hupata usingizi mzito usiku, ilhali anayepewa simu kitandani na chai ya rangi jioni hukesha. Bodaboda tuliikataa kabisa. Meno nayo yasafishwe kabla ya kulala, kwa sababu vijidudu vya kwenye ufizi vinaweza kuingia katika damu na kushambulia moyo.

Hayo yote mama anaweza kuyafundishwa, lakini kuyatekeleza katika nyumba ya wakwe hakumo mikononi mwake. Kwa maoni yangu, siku mtoto anaporuhusiwa kwenda nyumbani, maelekezo ya usingizi apewe pia yule ambaye neno lake linasikilizwa bomani. Safari ya kliniki iliyofuata nilimwomba mama mkwe tufuatane, na muuguzi akamweleza yeye, kwa utulivu na heshima, kuhusu mfupa, usingizi na wageni wenye mafua.

Tangu siku hiyo, ikifika saa 1 jioni, bibi huweka kiti chake barazani. Wageni huwapa uji na kuwajulia hali, kisha huwaambia, “Mjukuu wangu amelala. Karibuni kesho asubuhi.”